Vigingi Vilivyoota Majani

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie ushujaa mahali ambapo haupo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilichagua kicheko tangu nikiwa mdogo. Nikiingia katika nyumba ya watu, macho yangu yanatafuta kwanza mlango wa nyuma. Nikipanda pikipiki, natazama shingo ya dereva kama inatoka jasho. Ndiyo maana ndugu zangu walicheka sana waliposikia kazi niliyopata: kupanga njia ambazo watu wa Masisi watasafiria miaka ishirini ijayo. Walisema, mtu ambaye hana hakika ya Jumanne amepewa miaka ishirini.

Ofisi yetu ilikuwa na vyumba viwili na kompyuta moja iliyofanya kazi umeme ulipotaka. Tuliombwa tuchore mpango mzima wa usafiri. Treni ya asubuhi ishushe wafanyakazi, wanafunzi, maziwa na jibini kutoka milimani hadi mji mkubwa wa kando ya ziwa, kisha iwarudishe watu jioni. Masisi penyewe, mabasi madogo yazunguke kati ya soko, hospitali na ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, na pikipiki ziwe na mahali pa kusubiri kwa foleni badala ya kumrukia abiria kama kuku kwenye mahindi. Wale wanaotoka Walikale na mawese, na wale wa upande wa Hombo na bidhaa zao, wangekuja kukuta treni inawangoja. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Niliipenda, na hilo pia sioni haya kulisema.

Nilianza kwa kukaa siku kadhaa kwenye njia panda ya Masisi nikiandika watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka, mtu wa upande wa Butembo aliyekuwa na pikipiki zake za kubeba abiria, aliniletea kigoda kila asubuhi. Siku moja akaniuliza kama hiyo treni itakwama kwenye matope. Nikamwambia treni haikwami. Akafikiri kidogo, akasema basi kitakuwa kitu cha kwanza Masisi kisichokwama. Tulicheka sote wawili, lakini hata tulipokuwa tukicheka nilikuwa nasikiliza milima kama ina risasi. Kule mtu hujifunza kusikiliza milima kabla ya kujifunza kusoma.

Shida ilikuwa njia yenyewe. Treni ni kama bibi mzee, haipendi kupanda. Inataka kuzunguka mlima polepole, na milima yetu haina subira hiyo. Nilitafuta kwenye ramani siku nyingi mpaka nikapata mahali pamoja tu palipofaa, sehemu ya ubavu wa kilima kupita Muheto, ambapo ardhi inalala kidogo kabla ya kuanguka bondeni. Sikuhitaji kusoma jina lake. Kilikuwa kilima cha baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, ndiye aliyenilea baba alipofariki. Maharage yake ndiyo yaliyonisomesha. Na mahali pekee palipo tambarare kwenye kilima kile, panapoweza kubeba kituo cha treni, ni uwanja wake, wenye nyumba ya mabati na jiko nyuma yake. Niliweka penseli pale, nikachora kisanduku kidogo, nikaenda kunywa chai. Nilijiambia kwamba mpango ni mpango tu, na mingapi imelala kabatini.

Chini ya shamba lake anaishi jirani, mzee mwenye ng'ombe. Nilipokuwa mtoto, wazee hawa wawili waligombana juu ya mpaka hata damu ikamwagika. Wakaja wakubwa wa kilima, ikapandwa safu ya miti ya mivumu kuwa shahidi, na tangu hapo jirani akawa anapeleka bidoni, yaani dumu, ya maziwa kwa baba mkubwa kila asubuhi, na baba mkubwa anampelekea maharage kila mavuno. Nimekua kwa maziwa yale.

Mtu asiye wa kwetu lazima aelewe habari ya muvumu. Ukikata tawi lake bichi ukalikita ardhini, linaota. Kijiti kikavu shambani hakisemi kitu, hata ukikita mia. Muvumu ulioota unasema: mwisho wako ni hapa. Na aliyeupanda ndiye peke yake anayeweza kuung'oa. Mwingine akiugusa, hata kama umesimama katikati ya maharage yake mwenyewe, ametangaza vita. Tena hakuna anayeuliza nani kaupanda, kwa sababu anayeuliza ameonyesha kwamba jambo hilo linaweza kuzungumzwa. Kila mtoto wa kilima anajua haya, na mimi nilikuwa nayajua.

Siku ya kupima ubavu ule nilitoka Masisi na vibarua watatu, watu wa misitu ya Walikale, hodari wa panga na wageni kabisa wa mambo ya mipaka yetu. Vigingi vya chuma na rangi nyekundu ya kuvipaka vilikuwa vimebaki Sake, kwa sababu daraja lilikuwa limekatika. Tulipofika kilimani hapakuwa na mtu. Alfajiri risasi zilikuwa zimesikika upande wa juu, na watu wote walikuwa wameshuka kukaa penye kanisa na mikeka yao. Hata ng'ombe wa jirani walikuwa wamehamishwa. Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa imefungwa kwa waya. Jiko lilikuwa bado na joto.

Ningerudi. Mtu mwenye akili angerudi. Lakini mkubwa wa ofisi alikuwa amesema ubavu ule upimwe juma lile, na mwoga huogopa pia wakubwa wake. Nikawaambia vibarua wakate miti yoyote iliyo karibu, haraka, tumalize kabla ya saa nane. Walikata. Sikutazama walikata nini. Jicho langu moja lilikuwa kwenye kifaa cha kupimia na la pili kwenye kilele cha mlima, na kila ndege aliporuka nilichuchumaa. Tulikita vigingi kimoja baada ya kingine, tukikatiza shamba la baba mkubwa, tukashuka kidogo kwenye malisho ya jirani, tukapanda tena. Saa nane haijafika tulikuwa barabarani. Haraka haraka haina baraka, nimeandikishwa hayo shuleni mara nyingi kwa mwandiko mzuri.

Kisha mapigano yakafunga barabara, na mvua ikaanza. Nilikuwa ofisini, katika mji ule wa kando ya ziwa, nikipaka rangi mpango wangu, kijani kwa malisho, nyekundu kwa reli. Mvua ilinyesha karibu kila mchana, na mimi nilifurahi kwamba paa la ofisi halivuji.

Aliyenipigia simu ni dada yangu, binti wa baba mkubwa. Aliongea chini chini kama mtu aliyejifunika blanketi. Alisema watu waliporudi kutoka kanisani waliona vijiti shambani, hawakujali. Baada ya majuma machache vijiti vikatoa majani. Sasa ni safu ya mivumu inayoingia shambani kwa papa, ndivyo tunavyomwita baba mkubwa, inatokea kwa jirani, inarudi tena. Papa anaamini jirani aliipanda wakati wao wako kanisani. Jirani anaamini ni papa. Hakuna aliyeuliza.

"Kaka," akasema, "maziwa haikuyi tena."

Mtu wa mbali angesikia tu kwamba maziwa hayaji. Mimi nilisikia kwamba baba mkubwa anaweza kuuawa. Wana wawili wa jirani walikuwa na rafiki zao kule juu kwenye kilele, vijana wenye bunduki, na neno moja tu lingetosha kuwashusha. Na upande wetu wapo watoto wa shangazi ambao hawahitaji hata neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilijua ni mimi. Duniani kote mimi na vibarua watatu tu ndio tuliokuwa tunajua, na vibarua walikuwa wamerudi Walikale, siku nyingi za njia. Ningesema mara moja kwenye simu ile ile. Sikusema. Nilimwambia dada wamwombe Mungu. Nilijitetea kwamba ofisini tumekatazwa kutoa habari za mstari kabla haujakubaliwa, watu wasije wakajenga vibanda ili walipwe. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yangu. Niliogopa kwamba siku wakijua, pande zote mbili zitasahau ugomvi wao na kunigeukia mimi. Nilikaa na siri ile siku sita. Nilikula, nilioga, nilipaka rangi. Siku ya sita dada akapiga tena: ng'ombe wa jirani wamepitishwa katikati ya maharage mchana kweupe, na baba mkubwa ameketi mlangoni na panga mapajani, hataki kuondoka.

Mficha uchi hazai. Nilikunja ramani nikaitia kwenye mkoba, kwa sababu niliona bila ramani hakuna atakayeniamini, nikachukua gari mpaka Sake na pikipiki kutoka hapo.

Sikumbuki uzuri wowote wa njia ile, ingawa watu husema ni nzuri. Nakumbuka dereva akiniambia nishuke nisukume, na nakumbuka vizuizi. Kwenye kizuizi cha tatu, mtu mwenye bunduki alifungua mkoba akaitoa ramani. Akaikunjua juu ya tangi la pikipiki. Mstari mwekundu ulikuwa unapita katikati ya milima anayoilinda. Akauliza ni ya nani na ni ya nini. Uongo wote niliokuwa nimeutengeneza tangu Sake ulikimbia, ukabaki ukweli peke yake. Nikasema ni njia ya treni. Akawaita wenzake wawili waje wasikie, nikalazimika kurudia: treni, ya asubuhi na jioni, yenye kituo. Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Walinirudishia ramani kwa upole, kama unavyomrudishia kichaa kofia yake, wakamwambia dereva anifikishe salama. Niliukumbatia mkoba mpaka Muheto.

Baba mkubwa alikuwa mlangoni kama dada alivyosema. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, nikamwomba tushuke shambani, nikamwomba dada amwite jirani. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilisema ninajua nani alipanda, na yeye akasimama bila kuuliza zaidi.

Jirani alikuja na wanawe wawili, kila mmoja na panga, na watoto wa shangazi walikuwa wameshafika upande wetu. Mivumu ilikuwa imefika kiunoni, na majani yake yalikuwa laini, ya kijani ya kung'aa. Ilikuwa imestawi kweli. Nilisimama kati ya pande mbili, nikatazama, kwa mazoea yangu, mlango wa nyuma uko wapi. Haukuwepo.

Nikasema: "Papa, na weye pia Papa, hii miti haikupandwa na muntu wa hii kilima. Njo mimi niliipanda."

Mzee wa ng'ombe alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye koti lake.

"Weye," akasema, "mutoto tulikuwa tunakunyweshaka maziwa?"

Nikasema ndiyo. Nikaeleza yote: risasi, vyuma vilivyobaki Sake, vibarua wa msituni, woga wangu. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana. Nikakunjua ramani nikawaonyesha mstari. Mmoja wa vijana, sikuona ni wa upande gani, alisema ninadanganya, nimenunuliwa. Nilisikia panga likibadilishwa mkono nyuma yangu. Nilihisi haja ndogo na nikaizuia, hilo ndilo tendo langu la ushujaa.

Mzee akanyoosha fimbo yake kwenye mti wa kwanza. "Mwenye alipanda njo anangoaka," akasema. "Ngoa."

Nilipiga magoti nikashika mti. Nilidhani utatoka kama kitunguu. Ardhi ya kwetu ikishika kitu haikiachi. Nilichimba kwa vidole, nikavuta, nikaanguka chali na mti juu ya kifua changu, mizizi yake myeupe na mirefu kuliko vidole vyangu. Hakuna aliyecheka. Nikaenda kwa wa pili. Vijana wa pande zote mbili walinifuata kwa nyuma hatua kwa hatua, mapanga yakining'inia, na mimi nilichimba nikiwa nimewapa shingo. Hakuna aliyenisaidia, na sikutegemea, kwa sababu mkono wa mwingine ungeharibu kila kitu. Nilipofika malishoni kwa jirani kucha zangu mbili zilikuwa zimetoka. Ng'ombe walisimama wakitazama. Kwenye mti wa mwisho nililia, na sijui kama ni kwa maumivu au kwa sababu bado nilikuwa hai.

Baba mkubwa aliikusanya miti kwa macho, akiihesabu. Kisha akamtazama jirani, na jirani akamtazama. Hawakushikana mikono. Jirani alimwambia mwanawe mmoja aende nyumbani akalete bidoni, na kijana alisita kwanza, halafu akaenda. Nilidhani yamekwisha.

Lakini mzee yule alikuwa bado anaitazama ramani iliyolala kwenye nyasi. Akaniuliza kwa utulivu kama ile treni itapita au haitapita. Nilimjibu kwamba wakubwa ndio watakaoamua.

"Basi haujangoa kitu," akasema, akageuka kuwafuata ng'ombe wake.

Tulipanda nyumbani mimi na baba mkubwa. Dada alinisafisha vidole kwa maji ya chumvi. Bidoni ya maziwa ilifika, ikawekwa juu ya meza. Nilitaka kuketi kwenye kigoda changu cha zamani karibu na moto, pale nilipokaa miaka yote ya shule, ila baba mkubwa aliniwahi. Alivuta kiti chake, kile chenye mgongo ambacho hatukuruhusiwa kukikalia, akakifuta kwa mkono wa koti, akanionyesha nikae. Yeye akabaki amesimama. Kofia yake ilikuwa mkononi.

Nilimwomba akae. Hakukaa. Aliniuliza, akitazama mlango badala ya uso wangu: "Hii nyumba iko mu mustari, ao iko inje?"

Kisanduku kidogo cha penseli nilikijua kilipo. Nilijua mpaka upande ambao abiria wangepandia, karibu na jiko. Nilifungua kinywa nimwambie kweli, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshasema kweli mara mbili na sikufa.

"Bado tuko mu etide, Papa," nikasema, neno la ofisini la kusema bado tunachunguza.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, jinsi anavyoitikia akiwa mbele ya askari au ya mtu wa kodi, na mikono yake ilikuwa ikizungusha kofia.

"Sawa, shefu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo, kama mkubwa wa serikali. Dada alisimama na kitambaa mkononi, akashindwa kunitazama. Wakati jua lilikuwa bado juu, dereva wa pikipiki alipiga honi barabarani, kwa kuwa naye alitaka kuvuka vizuizi mapema. Baba mkubwa akauchukua mkoba wangu wenye ramani, akaubeba begani, akatangulia mbele yangu kwenye njia nyembamba mpaka barabarani. Nilinyoosha mkono nimpokee mara mbili. Mara zote mbili alisogea pembeni, akainamisha kichwa, akanipisha.